Semina haitoshi: mhudumu wa zahanati anahitaji mlezi



Tunapozungumza juu ya afya, mara nyingi tunazungumza juu ya magonjwa na namna ya kuyaepuka. Mwezi huu tunataka kumtazama mtu ambaye karibu kila familia ya kijijini imepita mikononi mwake: mganga, muuguzi au mkunga wa zahanati. Ni nani anayemsaidia huyu kuifanya kazi yake vizuri, mwaka hata mwaka, baada ya kumaliza chuo?

Wengi wetu tutajibu haraka: apelekwe semina. Semina ni jambo jema, nasi hatuipingi. Lakini tunataka kuonyesha kwamba semina peke yake haiwezi kumfanya mhudumu awe hodari. Anahitaji mtu wa kusimama kando yake pale pale kazini, wa kumtazama anavyotenda, kumsahihisha kwa upole na kumpa moyo. Mtu huyo tutamwita mlezi. Somo hili ni kwa ajili ya wahudumu wa afya wenyewe, viongozi wa zahanati zetu, wajumbe wa kamati za afya, na kila mzazi ambaye siku moja atabisha hodi zahanati usiku wa manane.

ZAHANATI NI MLANGO WA KWANZA

Mwezi Septemba 1978 wajumbe wa mataifa mengi walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao siku hizi huitwa Almaty, nchini Kazakhstan. Walitoa tamko juu ya huduma ya afya ya msingi: elimu ya afya, chakula bora, maji safi, huduma ya mama na mtoto, chanjo, tiba ya magonjwa ya kawaida na dawa muhimu, vyote vikiwa karibu na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Tamko lile lilisema pia kwamba huduma hiyo hutegemea watumishi waliofundishwa ipasavyo kufanya kazi kwa umoja.

Hapa Tanzania huduma hiyo huanza kwa mhudumu wa afya wa kijijini na zahanati, kisha hupanda kwenye kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Hospitalini daktari akikwama humwita mwenzake wa chumba cha pili. Kwenye zahanati mambo ni mengine. Muuguzi kijana aliyetoka chuoni anaweza kujikuta peke yake usiku na mama mwenye uchungu, taa hafifu na barabara iliyokatwa na mvua. Yule mwenye uzoefu mdogo ndiye mara nyingi anayewekwa mbali zaidi na watu wa kumfundisha. Kwa sababu hiyo ulezi wa kazini unahitajika zahanati hata zaidi ya hospitalini.

KINACHOPOTEA BAADA YA SEMINA

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 8 mwenye kikohozi. Mhudumu amefundishwa kwamba lazima ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, nguo ikiwa imepandishwa ili kifua kionekane. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka mno. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5, kipimo ni mara 40 au zaidi. Hiyo ni dalili ya homa ya mapafu, yaani nimonia, na mtoto huyo anahitaji dawa ya kuua vijidudu. Asiyepumua haraka, wala kubonyea kifua, wala kuwa na dalili nyingine ya hatari, mara nyingi ana mafua tu na dawa hiyo haitamsaidia.

Wiki ya kwanza baada ya semina mhudumu huhesabu kwa uaminifu. Wiki ya tatu foleni ni ndefu, saa ya ukutani imekwisha betri, na akina mama wananung'unika. Anaanza kukisia kwa macho. Baada ya miezi michache hahesabu tena. Kila mwenye kikohozi anapewa dawa ile ile. Mtoto mwenye nimonia kali aliyepaswa kukimbizwa hospitali anarudishwa nyumbani pamoja na wenye mafua. Hakuna aliyeona. Cheti cha semina bado kinaning'inia ukutani.

Tusiseme kwamba mhudumu huyu ni mvivu au ana moyo mbaya. Ujuzi usiotumiwa na usiotazamwa na mtu hufifia, kama njia ya shambani isiyopitwa. Angekuwapo mtu wa kuja, kukaa naye nusu saa, kuhesabu naye pumzi za mtoto mmoja na kumwuliza ile saa imekuwaje, mambo yangekuwa mengine.

Mpango wa kutibu watoto wagonjwa kwa utaratibu mmoja, uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990, ulilitambua jambo hili. Ulitaka mhudumu atembelewe kazini kwake wiki chache baada ya mafunzo, ili atazamwe anavyowapima watoto. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuupokea. Watafiti walipolinganisha wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizoutumia mpango huo, na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, waliona vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 viko chini kwa asilimia 13 kwenye wilaya zilizoutumia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004.

FUNZO KUTOKA HAYDOM

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Unahusu watoto wanaozaliwa bila kupumua.

Wengi wa watoto hao huweza kuokolewa bila mashine kubwa. Mtoto hukaushwa vizuri na kufunikwa apate joto. Asipolia, husuguliwa mgongoni, na kama njia ya hewa imeziba husafishwa. Akiwa bado hapumui, kitovu hukatwa na mkunga huanza kumpulizia hewa kwa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, wenye kinyago cha kufunika mdomo na pua. Upulizaji huo uanze kabla dakika moja haijaisha tangu kuzaliwa. Wakunga huiita dakika ya dhahabu. Kila inavyochelewa, ubongo wa mtoto unazidi kukosa hewa.

Mwaka 2010 watumishi wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja juu ya kazi hiyo, wakitumia mwanasesere wa mafunzo. Walipopimwa baadaye kwa kutumia mwanasesere, walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini walipotazamwa katika chumba cha kuzalia, wakiwahudumia watoto wenyewe, utendaji wao haukuwa umebadilika kama ilivyotarajiwa. Ujuzi ulikuwa umebaki darasani.

Basi wakabadili njia. Mwanasesere aliwekwa pale pale wodini. Watumishi wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, na mazoezi marefu kidogo kila mwezi, wakiongozwa na wenzao waliochaguliwa kuwasimamia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1000. Hospitali ni ile ile. Lililobadilika ni kwamba mazoezi yalihamia kazini, yakawa ya mara kwa mara, na kukawa na mtu wa kuyasimamia.

Njia hiyo, pamoja na vifaa bora vya kumfuatilia mtoto wakati wa uchungu na baada ya kuzaliwa, ilipelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto, yaani waliofia tumboni wakati wa uchungu na waliokufa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1000. Msomaji asione tofauti hiyo ni ndogo. Ni karibu watoto watatu katika kila 1000, na kila mmoja ana mama na jina alilokuwa ameandaliwa.

MLEZI NI NANI?

Mlezi si mkaguzi. Mkaguzi huja na gari, hutazama vitabu vya MTUHA, huhesabu dawa stoo, hutia sahihi kitabu cha wageni na kuondoka. Kazi yake inahitajika, kwa maana mali ya wagonjwa lazima ilindwe. Lakini mlezi huja kukaa. Huvaa koti, hunawa mikono na kuingia chumba cha wagonjwa pamoja na yule anayemlea.

Mlezi si lazima awe daktari. Anaweza kuwa mkunga mzee wa kituo cha afya cha jirani, sista mwuguzi wa hospitali ya misheni, au mganga mfawidhi wa zahanati yenyewe. Awe na mambo manne: aijue kazi vizuri, awe na subira, aweze kutunza siri, na awe tayari kujifunza.

Hilo la mwisho tunalisisitiza. Miaka mingi kazini haitoshi kumfanya mtu awe mlezi, kwa sababu mazoea mabaya nayo hurithishwa. Zamani wakunga wengi walimshika mtoto miguu, kichwa chini, na kumpiga kofi ili alie. Wengine walivuta ute mdomoni mwa kila mtoto, hata anayelia kwa nguvu. Leo tunajua kwamba kofi halifai, na kwamba mtoto anayepumua vizuri hahitaji kuvutwa ute. Mlezi asiyejifunza atamfundisha kijana makosa ya miaka thelathini iliyopita kwa moyo mweupe kabisa.

HATUA NNE ZA KULEA

1. Mlezi atende, kijana atazame. Mlezi aeleze kwa sauti anachofanya na sababu yake: "Nahesabu dakika nzima, kwa sababu mtoto hapumui sawasawa kila sekunde."

2. Watende pamoja. Wote wawili wahesabu pumzi za mtoto mmoja, kila mtu aandike namba yake, kisha walinganishe.

3. Kijana atende, mlezi atazame. Hapa mlezi ajizuie kunyakua kazi. Aingilie tu pale mgonjwa anapokuwa hatarini.

4. Kijana amfundishe mwingine. Anayeweza kumweleza mwenzake mpaka akaelewa, huyo amejua kweli.

Wengi wetu tunafanya hatua ya kwanza, halafu tunaruka moja kwa moja na kumwacha kijana peke yake. Hatua ya pili na ya tatu ndizo zinazochukua muda, na ndizo zinazojenga.

NAMNA YA KUSAHIHISHA

Kusahihisha ni sanaa. Kijana akikaripiwa mbele ya mgonjwa, mambo mawili huharibika: mgonjwa hapati tena imani naye, na yeye mwenyewe hujifunza kuficha makosa. Kosa lililofichwa litarudi, na safari hiyo huenda likaua.

Tutoe mfano wa mazungumzo mazuri. Muuguzi kijana amepokea uzazi usiku, na mama alitoka damu nyingi lakini akapona. Asubuhi mkunga mlezi anafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi ya usiku. Mzazi wetu anaendeleaje?"

"Amepata nafuu, damu imekoma. Lakini mama, niliogopa sana."

"Hata mimi ningeogopa. Hebu nieleze tangu mwanzo. Wewe mwenyewe unaona ni lipi ulilifanya vizuri?"

"Nililikanda tumbo mpaka nyumba ya uzazi ikakaza, na nikamtundikia maji."

"Vizuri sana. Na ungerudia leo, ungebadili nini?"

"Sindano ya oksitosini. Sikuwa nimeiandaa. Mtoto alipotoka ndipo nikaifuata kwenye friji."

"Umesema kweli. Sindano hiyo hutakiwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, tukishahakikisha hakuna mtoto mwingine tumboni. Basi njoo tuipange meza ya kuzalishia pamoja, tuone kila kitu kitakaa wapi kabla mama hajaanza kusukuma."

Tazameni alivyofanya. Kwanza alimwuliza habari za mgonjwa na kumpa pole. Pili alimwacha ajipime mwenyewe. Tatu alisifu lililo jema bila unafiki. Nne hakuondoka na maneno tu, bali walikwenda mezani na kurekebisha jambo moja, ambalo usiku unaofuata litaokoa dakika. Hakumficha kosa lake wala hakumvunja moyo.

MAMBO YANAYOZUIA

Tunajua mtasema: "Watumishi ni wachache, muda wa kulea tutautoa wapi?" Ni kweli watumishi ni wachache. Lakini mfano wa Haydom unatuonyesha kwamba dakika chache kila wiki, zikifanywa bila kukosa, zinazaa matunda. Zoezi la kufufua pumzi za mtoto laweza kufanyika wakati wa kupokezana zamu. Asiyekuwa na mwanasesere wa dukani aweza kutumia wa kushona kwa kitambaa kufanyia mazoezi ya kukausha, kufunika na kupanga vifaa, akingoja kupata ule wa kupuliziwa hewa.

Kizuizi cha pili ni umbali. Zahanati iliyo mbali ipangiwe siku moja kila mwezi ya mlezi kufika, na siku hiyo iheshimiwe kama siku ya chanjo. Katikati ya mwezi itumike simu ya mkononi. Kijana awe na namba ya mlezi wake na ruhusa ya kumpigia hata usiku. Lakini tahadhari: jina na sura ya mgonjwa visitumwe ovyo kwenye makundi ya simu. Siri ya mgonjwa ni siri hata huko.

Kizuizi cha tatu ni kusahau. Kila zahanati iwe na daftari la ulezi lenye safu tatu: tulichokiona, tulichokubaliana, na tutakitazama tena lini. Mlezi akirudi aanze na ukurasa uliopita. Bila daftari kila ziara inakuwa ya kwanza.

Kizuizi cha nne ni vifaa. Si haki kumfundisha mtu kutumia kitu ambacho hana. Mlezi akikuta saa haina betri, kinyago kimepasuka au friji haifanyi kazi, alichukue jambo hilo mpaka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au katibu wa afya wa jimbo, na kulifuatilia. Kijana akiona mlezi wake anampigania, atamsikiliza.

SISI WANANCHI TUFANYE NINI?

Huenda wewe si mhudumu wa afya. Bado unaweza kusaidia.

Kwanza, tuwape vijana hawa nafasi ya kutenda vizuri. Muuguzi akichukua dakika nzima kuhesabu pumzi za mtoto wako, usimwambie "unachelewesha watu". Akisema mtoto hahitaji sindano, usiende duka la dawa kumnunulia kwa nguvu. Mara nyingi ni sisi wenyewe tunaomsukuma mhudumu aache alichofundishwa.

Pili, mlezi akiwa chumbani na kumwelekeza kijana, tusidhani kwamba tumepewa mtu asiyejua. Tumepata watu wawili badala ya mmoja. Tena mgonjwa ana haki ya kuelezwa ni nani waliomo chumbani, na kukubali au kukataa kutazamwa.

Tatu, tumtunze mgeni. Kijana akikosa nyumba, maji na majirani wema, ataomba uhamisho, na ujuzi wote alioupata utaondoka naye.

Nne, wajumbe wa kamati za afya wasiulize juu ya paa na rangi ya ukuta tu. Waulize pia: "Muuguzi wetu ana mlezi? Alikuja lini mara ya mwisho? Mlikubaliana nini?"

KWA KUMALIZIA

Waswahili husema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Chuo humpa kijana cheti, na semina humwongezea maarifa mapya. Lakini mkono mwepesi na macho yanayoona hatari mapema hupatikana kazini, mbele ya mtu anayejua na anayejali, tena mara nyingi. Kama katika wilaya au jimbo lako kuna mkunga au mganga hodari anayekaribia kustaafu, msimwache aondoke na hazina yake. Mpeni kijana mmoja wa kumlea leo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Zahanati iliyo karibu nanyi ina wahudumu wangapi? Ni nani anayewalea?

2. Mhudumu aliyetoka semina hivi karibuni amefundishwa nini? Ana vifaa vya kukitenda?

3. Ni mambo gani sisi wagonjwa tunayoyadai ambayo yanamfanya mhudumu aende kinyume cha mafundisho yake?

4. Tunaweza kufanya nini mwaka huu ili mhudumu mgeni apende kukaa kwetu?